Nakala ya Akiba kwa Kompyuta za Usharika

Ndugu wanakamati, hapa Kyela masika hufurisha mito ya Songwe, Kiwira na Mbaka, na umeme hukatika bila hodi. Orodha za ubatizo na hesabu za wafadhili zisikae katika kompyuta moja. Pakueni Duplicati, programu ya bure, ielekezeni kwenye folda ya pamoja ya kompyuta ya pili, mkichagua saa ambayo zote mbili zimewashwa (si usiku wa manane!). Nywila iandikwe karatasini, atunze mtunza hazina: ikipotea, nakala haifunguki. Maji yakiingia ofisini yatazikuta kompyuta zote mbili, hivyo nakala nyingine iwekwe katika diski ya nje, ipelekwe Tukuyu kila mwezi. Kila robo mwaka jaribuni kurudisha faili moja.