SOMO: NYUMBA YA MUFALME ILIYOGEUKA KABURI

Wanafunzi wenzetu, leo tutajifunza juu ya nyumba moja ya inchi ya Uganda. Iko juu ya kilima cha Kasubi, katika muji wa Kampala. Jina lake ni Muzibu-Azaala-Mpanga.

1. Mwanzo wake
Mwaka 1882, Kabaka Muteesa wa Kwanza, mufalme wa Buganda, alijenga pale jumba lake. Alipokufa mwaka 1884 wakamuzika mule mule ndani. Nyuma yake wakazikwa Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili. Mwanga alikufa kule Seychelles mwaka 1903, Muteesa wa Pili kule London mwaka 1969. Wote wawili walirudishwa kwao, mwaka 1910 na mwaka 1971. Basi, nyumba ya kuishi ikawa nyumba ya ukumbusho.

2. Namna ilivyojengwa
Nyumba ni ya muviringo, upana wake karibu meta 31. Paa ni ya majani mazito, nayo inashuka mpaka karibu na udongo. Ukitazama juu kwa ndani, utaona mapete 52. Kila pete ni alama ya ukoo moja wa Buganda. Ndiyo kusema inchi nzima inashika ile paa. Kazi nayo iligawanywa: kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, kupamba ni ya ukoo wa Ngo. Pazia ya lubugo, kitambaa cha ganda la muti unaoitwa mutuba, inaficha fasi ya makaburi. Fasi ile wanaiita Kibira, maana yake pori.

3. Moto
Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto ulikula ile nyumba. UNESCO, iliyoiandika katika urithi wa dunia mwaka 2001, ikaiweka kati ya vitu vilivyo katika hatari. Iliondolewa humo mwaka 2023 tu, nyuma ya kujengwa tena.

Wengine kwetu watauliza: juu ya nini hawakujenga kwa simenti na mabati? Sisi wa Lubudi tunajua simenti, na ni kweli majani yanaungua. Hata kule Kasubi nguzo za simenti na chuma ziliingizwa ndani mwaka 1938. Lakini paa walirudisha ya majani. Bati inakaa miaka mingi bila mutu kuishika. Majani yanaoza, kwa hiyo mzee analazimishwa kuita kijana na kumuonyesha kazi. Kama kazi ya Ngeye ingekuwa imekufa mbele ya moto, nani angeezeka tena?

Maulizo
1. Mapete 52 yanaonyesha nini?
2. Juu ya nini paa ya majani inahitaji vijana?
3. Katika kijiji chenu, nani angali anajua kuezeka? Umuulize anachagua majani gani, anayakata mwezi gani, na anayafunga kwa kamba gani. Uandike majibu mbele hajachoka.