SOMO: HADHARI YA MVUA NA UPEPO KATIKA YADI ZA MIZIGO

Bidhaa nyingi zinazouzwa Unguja na Pemba hununuliwa Kariakoo, hukusanywa katika yadi na maghala ya mjini Dar es Salaam, kisha huvushwa bahari. Kwa hivyo mvua ya huko inatuhusu na sisi wa visiwani, hususan watumishi wanaotumwa kusimamia shehena za Serikali.

Ieleweke kwanza kuwa Kariakoo imepakana na bonde la Mto Msimbazi, ambao maji yake hutoka vilima vya Pugu. Aghalabu mafuriko hufika Jangwani ilhali mjini mvua ni ndogo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na tangu hapo Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi katika eneo hilo. Hata yadi ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa Jangwani imeingiliwa na maji zaidi ya mara moja. Anayekodi yadi wakati wa kiangazi na aulize maji hupita wapi wakati wa masika.

Watu huiogopa mvua, lakini upepo unaoitangulia ndio uangushao. Kontena tupu la futi 40 lina uzito wa kiasi cha tani 4 tu, na ubavu wake hushika upepo mfano wa tanga. Makontena matupu yasirundikwe juu kwa juu msimu wa dhoruba, na winchi isinyanyue mzigo upepo ukivuma kwa nguvu. Foklifti iliyopita majini ijaribiwe breki kabla ya kubeba tena. Saruji na sukari ziwekwe juu ya mbao, na turubai ifungwe kamba pande zote.

Ama radi, hesabu sekunde baina ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde 3 ni kiasi cha kilomita 1. Zikipungua 30, kazi isimame, na isianze tena mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Haya wengi wanayajua. Uzito uko kwingine: hamali hulipwa kwa mzigo, na akisimama hapati kitu. Kumwambia ajikinge bila ya kumwambia nani atamlipa saa hizo ni kumtaka achague baina ya roho yake na chakula cha wanawe. Inafaa basi kila mkataba wa uchukuzi utaje ni nani mwenye amri ya kusimamisha kazi, na malipo ya muda wa kusimama yatatoka wapi.

Msimamizi asikilize taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila asubuhi. Mapema Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, vyombo vya baina ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa. Siku kama hizo mzigo usiovuka hulala yadini, hivyo mahali pakavu pa kuuweka patafutwe kabla haujatoka dukani.