Torati, Kadi na Meza ya Bwana
Somo la mwezi: Wagalatia 2 na 3, Matendo 15



Mwezi huu twawaomba mfungue Waraka wa Mtume Paulo kwa Wagalatia. Yafaa msome Biblia kwanza, ndipo mje kwenye maneno yetu haya. Waraka wenyewe ni mfupi, na mtu aweza kuumaliza kwa nusu saa.

Huko Galatia Paulo alihubiri Injili kwa watu wasio Wayahudi, nao wakaamini. Alipokwisha kuondoka, wakaja walimu wengine. Angalieni vizuri walivyofundisha, kwa maana hawakumkana Kristo hata kidogo. Walisema kumwamini ni jambo jema, ila halitoshi. Hapana budi mtu atahiriwe pia na kuishika Torati ya Musa, ndipo awe mtu kamili wa Mungu. Waliongeza tu. Na Paulo, ambaye katika nyaraka zake nyingine huanza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya wasomaji wake, safari hii hana shukrani. Anaanza moja kwa moja kwa kuwashangaa.

Katika nchi nyingine mhubiri hutumia muda mrefu kuwaeleza watu kwa nini tohara ilizua ugomvi mkubwa namna hiyo. Hapa kwetu Mara hakuna haja. Wakurya, Waikizu na Wazanaki hutahiri. Wajaluo wa Rorya hawakuwa na desturi hiyo. Wazee wao waling'olewa meno sita ya chini. Kila watu walikuwa na alama yao, na asiyekuwa nayo hakuhesabiwa mtu mzima. Sisi tunaokaa hapa Buhare, ambako makabila haya yote huketi kwenye benchi moja, tumeyasikia maneno yanayosemwa baada ya ibada. Mtu mwenye mvi na wajukuu huitwa mtoto kwa sababu tu hakupita jandoni. Wengine husema ni utani wa watani. Pengine ni utani, lakini tumeona pia mashauri ya ndoa yaliyovunjika kwa sababu hiyo, na wote wawili wamepata Kipaimara.

Sasa tazameni sura ya pili, kisa cha Antiokia. Petro, ambaye Paulo anamwita Kefa, alikuwa akila pamoja na Wakristo wasiotahiriwa. Wakaja watu waliotoka kwa Yakobo, naye akaanza kujitenga kwa kuwaogopa. Hata Barnaba akachukuliwa. Petro hakuhubiri neno lolote la uongo. Aliinuka tu kutoka mezani. Lakini Paulo alimkemea mbele ya wote, kwa kuwa aliona katika tendo hilo fundisho zima: kama imani katika Kristo haimtoshi mtu kukaa mezani nami, basi nimekiri kwamba haimtoshi kukaa mbele za Mungu.

Hoja ya Abrahamu ndiyo iliyotupendeza sana miaka yote tuliyokuwa chuoni tukifundisha walimu, kwa kuwa ni hoja ya hesabu. Katika Mwanzo 15 Abrahamu alimwamini Mungu, akahesabiwa haki. Alitahiriwa katika sura ya 17. Siku hiyo ya tohara Ishmaeli alikuwa na umri wa miaka 13, na katika sura ya 15 alikuwa bado hajazaliwa. Kwa hiyo Abrahamu alikaa miaka 13 au zaidi akiwa mwenye haki mbele za Mungu na huku hajatahiriwa! Torati yenyewe, asema Paulo, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Kitu kilichokuja nyuma hakiwezi kuwa mlango wa kuingilia.

Je, Torati ilikuwa ya nini basi? Katika 3:24 Biblia yetu inaiita kiongozi. Neno la Kiyunani ni paidagogos, na watu wengi hudhani maana yake ni mwalimu. Siye mwalimu. Alikuwa mtumwa wa nyumbani aliyemshika mtoto mkono, akamfikisha shuleni na kumwadibisha njiani. Kazi yake ilikuwa njema na ya lazima, ila mtoto akikua hawi tena chini ya mkono wake.

Paulo hakuwa na chuki na desturi. Alimtahiri Timotheo, kama tusomavyo katika Matendo 16:3, lakini alikataa Tito asilazimishwe. Tofauti ni sababu. Siku hizi vijana wengi hutahiriwa hospitalini kwa ajili ya afya, wala hatuna neno nao.

Neno hili la neema lilitikisa pia mkoa wetu huu. Katika miaka ya 1930 moto wa Uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukafika Katoke, ng'ambo ya ziwa, palipokuwa na chuo cha ualimu cha Kanisa letu. Mwaka 1942 ukawaka Shirati, kwa ndugu zetu Wamennonite. Hao walikuwa wameanza kazi pale mwaka 1934, wamisionari kutoka Marekani, watu wa kanuni nyingi za mavazi na mwenendo. Mwaka ule Mwafrika na Mzungu, Mjaluo na asiye Mjaluo, waliungama dhambi zao wao kwa wao. Zedekia Kisare, aliyekuwa Askofu wao wa kwanza Mwafrika mwaka 1967, ni mmoja wa walioyashuhudia hayo. Mmisionari aliyekuja kufundisha aligundua kwamba yeye na mfanyakazi wake wanasimama mahali pamoja, chini ya msalaba, wala hakuna aliyetangulia.

Lakini ona ilivyo rahisi kurudi nyuma. Miongoni mwa watu hao hao wa Uamsho wakatokea wenye kumpima mwenzao: ametoa ushuhuda namna gani, amevaaje, ana madeni? Huko Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi lililojiita Waliozukuka lilitengana na ndugu zao, na moja ya kanuni zao kali ni kwamba mwenye wokovu asichukue mkopo. Kutokuwa na deni ni jambo zuri, nasi twalisifu. Kulifanya kipimo cha wokovu ni kujenga tena kile kilichobomolewa (2:18).

Na sisi Waanglikana wa leo? Kifungu cha 11 katika vile Vifungu 39 vya Imani chafundisha waziwazi kwamba twahesabiwa haki kwa ajili ya Bwana wetu Yesu Kristo, kwa imani, si kwa matendo yetu. Lakini katika mtaa mmoja, ambao hatutautaja, tulihudhuria mazishi ya mzee ambaye kadi yake ya zaka ilifunguliwa kabla ya Biblia. Miezi ilihesabiwa mbele ya wafiwa, na jeneza liko pale uani. Mjane wake tangu siku ile huketi nyuma kabisa, na wengine wakiendea Meza ya Bwana, yeye hubaki. Tulipomwuliza alijibu, "Mimi sijakamilisha." Hakuna aliyemfundisha neno hilo darasani. Amelisoma katika matendo yetu.

Mtu asitusikie vibaya. Zaka yapasa kutolewa, bati halijinunui lenyewe, na Yakobo asema kweli kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Lakini mti huzaa kwa sababu u hai. Hauwi hai kwa kuning'inizwa matunda.

Liko pia jambo zito zaidi. Kila inapokaribia Desemba wako mabinti wa mkoa huu wanaokimbia nyumba zao kwa kuogopa kisu. Sheria ya nchi tangu mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2014 Dayosisi yetu ya Mara ilifungua nyumba ya kuwahifadhi huko Mugumu. Baadhi ya mabinti hao baba zao ni Wakristo waliobatizwa. Baba asemaye kwamba binti yake hawi mwanamke kamili mpaka akatwe, na awaambie wazee wa kanisa Kristo amepungukiwa na nini.

Maswali ya kuzungumza nyumba kwa nyumba: Katika mtaa wenu, ni nani asiyekaribia Meza ya Bwana, na ni nani aliyewahi kwenda kumwuliza sababu? Ni neno gani huongezwa kwenu baada ya "Kristo na..."? Kabla ya kukutana someni Wafilipi 3:4–9, mkahesabu mambo ambayo Paulo alijivunia kwanza. Utayaona saba. Kisha kila mtu aandike yake kwenye karatasi, asimwonyeshe jirani.