SOMO LA SOKO: Saa ya dhahabu yenye sura ya zamani, thamani yake iko wapi?

Mavuno ya mpunga yanapoingia Ifakara kutoka mashamba ya bonde la Kilombero, fedha huzunguka kwa kasi. Magunia yakishapakiwa na madeni kulipwa, mfanyabiashara hubaki na swali la kila mwaka: faida iwekwe wapi isiyeyuke kabla ya msimu ujao? Wapo wanaonunua mpunga zaidi na kuuweka ghalani, wapo wanaojenga, na wapo wanaokimbilia dhahabu kwa kuwa haiozi wala hailiwi na panya. Kwa hawa wa mwisho saa ya mkononi ya dhahabu ina mvuto wake, kwani ni akiba inayovaliwa.

Somo la wiki hii linachambua bei ya saa ya namna hiyo. Mfano unaotumika ni saa moja ya Uswisi ambayo wapenzi wa saa duniani wameisifu sana, ili mwenye mtaji mdogo ajue analipia nini na atamuuzia nani.

Saa iliyorudi baada ya miaka 45

Kampuni ya Vacheron Constantin ya Geneva ilianzishwa mwaka 1755. Mwaka 1977, ilipotimiza miaka 222, ilitoa saa iliyoitwa 222, iliyochorwa na kijana Jörg Hysek. Kilikuwa kipindi kigumu. Saa za kwatzi, ambazo Seiko ya Japani ilikuwa ya kwanza kuziingiza sokoni mwaka 1969, zilikuwa rahisi na zilishika wakati vizuri kuliko saa za mashine, na viwanda vingi vya Uswisi viliyumba. Saa ya 222 haikutengenezwa kwa wingi, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeachwa.

Mwaka 2022 kampuni iliirudisha ikiwa ya dhahabu ya njano ya karati 18, kwa bei ya takriban dola 62,500 za Marekani. Wapenzi wa saa waliipokea kwa shangwe. Wanasifu kipenyo chake cha milimita 37, ambacho ni kile kile cha zamani, katika soko lililozoea saa kubwa. Wanasifu wembamba wake usiofika milimita 8, mkanda wa dhahabu ulioungana na kasha kama kitu kimoja, na msalaba mdogo wa Malta kwenye pembe ya kasha. Sura haikuguswa sana, ila ndani imewekwa mashine mpya, mgongo umekuwa wa kioo, na kifungo cha mkanda kimeboreshwa.

Supa na Saro

Mfanyabiashara wa Ifakara hahitaji kwenda Geneva kulielewa jambo hili. Mchele wa Supa unapendwa kwa harufu na ladha yake, na mlaji yuko tayari kuongeza bei. Lakini mpunga wake ni mrefu, huanguka shambani, na mavuno yake ni madogo. Watafiti wa kituo cha KATRIN, ambacho leo ni TARI Ifakara, walitoa mbegu ya TXD 306, maarufu kwa jina la SARO 5, iliyoruhusiwa mwaka 2002. Ni fupi, huzaa zaidi, na imebakiza harufu kiasi. Kwa maneno mengine, kilichopendwa katika cha zamani kimetiwa katika umbo jipya.

Hapo ndipo ulinganifu unapoishia, na tofauti iliyopo ni muhimu kwa mwenye mtaji. Mbegu mpya ilitolewa ili mpunga uwe mwingi. Saa ya zamani hurudishwa kwa hesabu, na mtengenezaji ndiye anayeamua zitoke ngapi. Uhaba wa mchele huletwa na mvua na mafuriko, lakini uhaba wa saa mpya huletwa na uamuzi wa kiwanda, na kiwanda kinaweza kubadili uamuzi wake. Januari 2025 Vacheron Constantin ilitoa saa hiyo hiyo ya 222 kwa chuma cha pua, kwa bei ya chini kuliko ile ya dhahabu. Aliyenunua ya dhahabu kwa sababu ya sura peke yake alijikuta sura ile inapatikana kwa fedha kidogo.

Mafungu matatu ya bei

Bei ya saa kama hii ina mafungu matatu. La kwanza ni madini, la pili ni kazi ya fundi na mashine, la tatu ni jina pamoja na hamu ya watu.

Ili kuona ukubwa wa fungu la kwanza, tuchukue saa ya mfano ambayo dhahabu yake peke yake ina gramu 100. Karati 18 ni sehemu 18 kati ya 24, yaani asilimia 75, kwa hiyo dhahabu safi ni gramu 75. Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1, hivyo gramu 75 ni wakia 2.41. Kwa bei ya dola 1,900 kwa wakia, ambayo ilionekana mwaka 2022, madini hayo yana thamani ya dola 4,580 hivi. Saa ya mfano ikiuzwa dola 62,500, dhahabu haifiki hata sehemu moja ya kumi ya bei. Hata wakia ilipovuka dola 4,000 mwaka 2025, gramu hizo zilikuwa na thamani ya dola 9,650 tu.

Kiasi kikubwa kilichobaki ni kazi na jina. Si uongo wala wizi, kwani kazi ni halisi na hamu ya watu ni halisi. Lakini hamu ina soko lake, nalo liko Geneva, London, Dubai na Hong Kong, si kwa sonara wa Ifakara. Tena hamu hupanda na kushuka. Bei za saa maarufu zilizokwishatumika, zikiwamo za Rolex na Patek Philippe, zilipaa mwaka 2021, zikafika kileleni mwanzoni mwa 2022, kisha zikashuka. Walioingia mwisho ndio walioumia, kama anayenunua mpunga bei ikiwa juu na mavuno mapya yako njiani.

Hesabu ya rehani

Tuseme mtu analeta saa ya dhahabu kwa mfanyabiashara wa mpunga, anaomba mkopo wa magunia, na anadai saa yake ni ya shilingi 40,000,000 "kwa bei ya Ulaya". Inawekwa kwenye mizani, inaonyesha gramu 90. Kwa hesabu rahisi, bei ya dhahabu safi ikichukuliwa kuwa shilingi 250,000 kwa gramu, asiyejua atazidisha 90 kwa 250,000 na kupata 22,500,000.

Amekosea mara mbili. Kwanza, mashine, kioo na mkanda wa ngozi si dhahabu. Vikiwa na gramu 30, dhahabu inabaki gramu 60. Pili, ni karati 18, kwa hiyo dhahabu safi ni gramu 45, na thamani yake ni shilingi 11,250,000. Sonara naye akikata asilimia 10 ya kazi na faida yake, mkononi zinabaki 10,125,000. Hiyo ndiyo dari ya mkopo. Atakayetoa magunia ya milioni 20 amekopesha jina ambalo hana pa kuliuzia.

Mihuri na hati

Namba 999 ni dhahabu ya karati 24, 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Saa za Uswisi za karati 18 zilipigwa mhuri wa kichwa cha mwanamke, Helvetia, hadi mwaka 1995, ulipoingia mhuri wa kichwa cha mbwa. Hata hivyo mhuri hughushiwa, na saa iliyochovywa dhahabu hung'aa sawa na ya dhahabu tupu. Kipimo cha sonara, kwa jiwe na tindikali au kwa mashine, kifanyike mbele ya pande zote mbili.

Kwa fungu la jina, hati ndiyo kila kitu. Marehemu Sultan Qaboos wa Oman, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, aliagiza saa za Rolex zenye alama ya jambia usoni, nyingine kupitia duka la Asprey la London, akazitoa zawadi. Leo wapenzi hulipa zaidi sana kwa alama hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo inaghushiwa. Mnunuzi makini hudai kisanduku, karatasi na historia ya saa tangu ilipotoka. Saa isiyo na hati ihesabiwe kwa madini tu.

Anayeipenda saa kama hiyo na ana fedha za ziada ainunue aivae, na furaha yake iwe sehemu ya faida. Mtaji wa kununulia mpunga wa msimu ujao usiguswe, kwa sababu mkulima wa Mngeta au Mlimba halipwi kwa sifa za saa.

Zoezi

1. Saa ya karati 14 ina gramu 40 za dhahabu bila mashine. Dhahabu safi ni gramu ngapi? (Jibu: 23.3)
2. Bei ya dhahabu ikipanda maradufu, je, saa ambayo madini yake ni sehemu moja ya kumi ya bei nayo itapanda maradufu? Eleza kwa mafungu matatu.
3. Kabla ya kupokea saa kuwa rehani, andika jina la mtu mmoja aliye karibu anayeweza kuinunua wiki hiyo hiyo, na bei atakayolipa. Usipompata, rehani hiyo haijakamilika.