Hesabu Bei, Hesabu na Magunia

(Somo la kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadiliane.)



Siku ya soko swali letu huwa moja tu: "Mahindi leo ni pesa ngapi?" Swali ni zuri, lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii: "Yameingia magunia mangapi, na jioni yamebaki mangapi?"

Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Mwaka mmoja, wakati wa mvua ya masika, kikundi cha akina mama kilikuwa na magunia 40 kwenye stoo. Soko la kwanza gunia lilikuwa shilingi 2,800, la pili 3,100, la tatu 3,400. Mweka hazina akasema, "Tuuze sasa." Mimi nikawaambia, "Ngojeni kidogo, bei bado inapanda." Kumbe mvua ilikuwa imebeba daraja na malori hayakuweza kupita. Sokoni kulikuwa na magunia machache tu, ndiyo maana watu waligombania. Daraja lilipotengenezwa, malori yaliingia asubuhi moja, na bei ikashuka hadi 2,700. Kwa kila gunia tulipoteza shilingi 700, jumla shilingi 28,000. Hiyo ilikuwa karo ya watoto. Mama mmoja aliuza mbuzi wake ili mtoto arudi shuleni. Bei niliiona, magunia sikuyahesabu.

Jinsi ya kuhesabu

Chagueni mtu mmoja na daftari moja. Kila siku ya soko aandike: tarehe, bei ya asubuhi, bei ya jioni, magunia yaliyoingia, yaliyobaki jioni, na sababu. Si lazima ahesabu yote mwenyewe. Anayetoza ushuru wa soko hutoza kwa kila gunia, kwa hiyo anajua. Wachukuzi pia wanajua, na akina mama wa gorogoro wanajua zaidi. Bei iwe ya gunia la kilo 90 lililopimwa kwa mizani, si la kukadiria kwa macho. Msiamue kwa soko moja. Angalieni manne au zaidi.

Alama nne za kusoma

1. Bei inapanda, magunia ni mengi, na jioni yameisha. Wanunuzi wapo kweli kweli. Uzeni sehemu, nyingine iwekeni.

2. Bei inapanda, magunia ni machache. Hapa simameni, muulize sababu. Kama ni barabara au mvua, bei itarudi chini njia ikifunguka, basi uzeni upesi. Kama stoo za watu zimeisha na mavuno yako mbali, bei inaweza kukaa.

3. Bei inashuka, magunia ni mengi, na jioni yanabaki. Mara nyingi ni baada ya mavuno, watu wanapotafuta karo ya Januari. Kama mahindi yenu ni makavu na hakuna deni linalowabana, ngojeni.

4. Bei inashuka ingawa magunia ni machache. Hii ni hatari. Wanunuzi wamekwenda kwingine, pengine wanapata mahindi ya Uganda kupitia Busia au ya Tanzania kupitia Namanga. Msishikilie mali kwa matumaini tu. Pigeni simu masoko mengine.

Sababu itadumu muda gani?

Hilo ndilo swali kubwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu ya aflatoksini. Baada ya siku chache tu zuio likaondolewa kwa masharti. Aliyeficha mahindi yake akidhani mpaka umefungwa kwa mwaka mzima alijidanganya.

Pia, kungoja kuna gharama. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, la sivyo ukungu na wadudu watakula faida yote. Na hizi alama si ahadi. Hata msomaji mzuri hukosea. Kwa hiyo gaweni mali mafungu matatu: moja muuze mapema kwa mahitaji ya lazima, la pili bei ikiwa nzuri, la tatu muweke. Mkikosea, hamtapoteza yote.

Broka akija shambani na kusema, "Bei imeanguka, mama, niuzie leo," msibishane naye. Fungueni daftari.

Maswali ya kujadili

1. Mara ya mwisho tulipouza, tulijua magunia mangapi yaliingia sokoni?
2. Ni nani kati yetu anayeweza kutunza daftari, na nani atamsaidia?
3. Ni mahitaji gani yanayotulazimisha kuuza kwa haraka? Kikundi kinaweza kuweka akiba kidogo kwa ajili hiyo?