Shule ya Mtoto Ng'ambo: Kwanza Amueni Nyumba Yenu Iko Wapi



Siku hizi, katika jumuiya ndogo ndogo za Kimilili, Chwele, Bungoma na hata Kitale, si ajabu kukuta familia ambayo mama ni muuguzi Uingereza, na baba amebaki nyumbani na watoto, shamba la mahindi na ng'ombe wawili wa maziwa. Mwaka 2021 serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilitiliana sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi kazini huko. Wengine walikuwa wamekwenda kwa njia zao tangu zamani. Pesa zinatumwa, karo inalipwa, nyumba ya mawe inapanda. Lakini watoto wanakua, na swali la shule linaingia kati ya mume na mke.

Tuchukue mfano wa familia moja. Mama yuko katika jimbo la Kent. Binti yao wa kwanza ana miaka kumi, yuko Gredi ya Tano hapa Kimilili, na ni mwerevu. Usiku mmoja mama anapiga simu: "Baba watoto, huku kuna shule za serikali zinazochagua watoto werevu, kama vile Lugulu yetu, lakini hakuna karo. Mtihani ni Septemba. Nitumie cheti chake cha kuzaliwa."

Baba ananyamaza, kisha anasema, "Nimekusikia, mama watoto. Na mimi je?"

Hapo simu inakuwa nzito. Baada ya siku chache rafiki anampa mama shauri: "Andika tu kwamba mume alikuacha. Ni karatasi tu." Mama halali usiku huo. Tuwasaidieje hawa wawili? Tuanze kwa kujua mambo yenyewe yalivyo.

SHULE HIZI NI ZIPI?

Zinaitwa shule za grama. Ni shule za sekondari za serikali, hazilipishi karo ya masomo, na huchagua watoto kwa mtihani wanaoufanya wakiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944 zilienea nchi nzima. Kuanzia mwaka 1965 serikali ilizihimiza halmashauri kuziacha na kufungua shule zinazopokea watoto wote bila mtihani. Sheria ya mwaka 1998 ilizuia kuanzisha nyingine mpya. Leo zimebaki 163 katika England. Kent peke yake ina 32, na Buckinghamshire ina 13. Scotland na Wales hakuna hata moja. Ireland ya Kaskazini inazo, kwa utaratibu wake.

Kwa hiyo, mzazi aliyepata kazi Glasgow au Cardiff asihangaike kuzitafuta huko. Na aliye England ajue kwamba watoto zaidi ya tisa katika kila kumi husoma katika shule zisizo za grama, na miongoni mwao wako wengi wanaofika chuo kikuu.

Tofauti nyingine ni umri. Sisi tulizoea mchujo wa KCPE, ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023. Sasa mtoto wetu huchaguliwa kuingia sekondari ya juu baada ya Gredi ya Tisa, akiwa kijana. Kule mlango wa kwanza hufunguliwa mtoto akiwa bado mdogo. Ndiyo sababu mama wa Kent ana haraka na baba wa Kimilili haioni haraka hiyo. Hakuna aliye mkaidi. Kila mmoja anaangalia kalenda ya nchi aliyomo.

NANI ANARUHUSIWA KUSOMA?

Mtoto anayeishi Uingereza kama tegemezi wa mzazi mwenye viza ya kazi ana haki ya kuingia shule ya serikali. Aliyekwenda kwa viza ya matembezi hana haki hiyo. Na mtoto mwenye viza ya mwanafunzi mdogo anaruhusiwa kusoma katika shule za kulipia tu. Basi msidanganywe na wakala anayewaambia kwamba atampeleka mtoto "kutembea" kisha amtafutie nafasi ya grama.

Tena, si kila mfanyakazi anaweza kupeleka familia. Muuguzi anaweza. Lakini watunza wazee na wagonjwa walioomba viza kwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kupeleka mke, mume wala watoto, na tangu 22 Julai 2025 kazi hiyo haichukui tena watu kutoka nje. Wanafunzi wa vyuo nao, tangu Januari 2024, wengi wao hawaruhusiwi, isipokuwa wanaofanya masomo ya juu ya utafiti na wachache wengine. Sheria hizi hubadilika mara kwa mara. Kabla ya kuuza ng'ombe, hakikisheni kwa idara ya serikali yao yenyewe, si kwa maneno ya sokoni.

KANUNI YA WAZAZI WAWILI

Hapa ndipo penye kiini cha mafundisho yetu ya leo. Ili mtoto apewe viza ya tegemezi, kwa kawaida wazazi wote wawili wawe wako Uingereza tayari, au waende pamoja naye. Mzazi mmoja akiwa amebaki Kenya, mtoto hawezi kumfuata mwenzake, ila kama yule aliyebaki amefariki, au kama aliye kule ndiye peke yake anayebeba jukumu la malezi, au kuna sababu nzito sana ya kumtetea mtoto.

Sasa mnaona kwa nini rafiki alimpa mama shauri lile baya. Baba wa Kimilili ndiye anayewaamsha watoto, anakwenda mikutano ya shule, anawapeleka zahanati. Kuandika kwamba hayupo ni kumfuta mtu aliye hai. Ni uongo mbele ya serikali, na anayegunduliwa amedanganya katika maombi ya viza anaweza kuzuiwa kuingia nchi hiyo kwa miaka 10. Lakini hata asipogunduliwa, mtoto mwenyewe atajua. Atakuwa amefundishwa, kabla ya somo la kwanza la darasani, kwamba baba yake anaweza kufutwa kwa kalamu ili kupata faida. Na ndoa iliyotangazwa imekufa kwenye karatasi huanza kufa nyumbani pia. Wapendwa, hakuna shule ya thamani hiyo.

NAFASI HUFUATA MAKAO

Jambo la pili. Kufaulu mtihani si kupata nafasi. Watoto waliofaulu wakizidi viti, shule nyingi huangalia umbali kati ya shule na nyumba, au eneo walilotengewa. Nyumba inayohesabiwa ni ile mtoto anamolala kweli. Nyumba ya shangazi au ya rafiki wa parokia haihesabiwi. Halmashauri huweza kudai mkataba wa nyumba ya kupanga au hati ya kodi ya halmashauri. Nafasi iliyopatikana kwa udanganyifu inaweza kunyang'anywa. Familia ambayo bado iko Kenya, kwa kawaida, huhesabiwa kwa anwani yake ya Kenya mpaka ithibitishe imehama.

KALENDA YENYEWE

Mwaka wa shule huko huanza Septemba. Chukueni mtoto aliyezaliwa Machi 2016. Atafanya mtihani Septemba 2026 na kuingia sekondari Septemba 2027. Jina lake huandikishwa kabla ya mtihani. Katika Kent, kwa kawaida, kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwanzo wa Julai. Maeneo mengine yana tarehe zake. Majibu hutoka Oktoba. Fomu ya kuomba sekondari ni nyingine, nayo hupelekwa kwa halmashauri ya mahali mnapoishi kabla ya tarehe 31 Oktoba. Nafasi hutangazwa tarehe 1 Machi au siku ya kazi inayofuata. Wengi hukosa kwa sababu walidhani mtihani na fomu ni kitu kimoja.

Mtihani wa Kent hupima Kiingereza, hesabu na namna ya kufikiri kwa maneno na michoro. Mtoto wetu anajua hesabu, lakini mafumbo yale ya michoro huenda hajawahi kuyaona. Yapo mazoezi ya bure ya kumzoesha. Aanze polepole, nusu saa kwa siku, na aachiwe nafasi ya kucheza. Mkichelewa, si mwisho. Mtoto anayefika akiwa na miaka 12 au 13 huweza kuombewa nafasi katikati ya mwaka, ikiwa shule ina kiti na akafaulu kipimo chake. Na grama nyingi hupokea wanafunzi wapya wa miaka 16 kwa madarasa mawili ya mwisho.

USISAHAU CHETI CHA UBATIZO

Shule za serikali zilizo chini ya Kanisa Katoliki ziko nyingi England, na karibu zote hazina mtihani wa kuingia. Viti vikiwa vichache, Wakatoliki waliobatizwa hutangulizwa. Basi kabla ya safari pitieni ofisi ya parokia mchukue cheti cha ubatizo cha kila mtoto, kwa sababu shule hizo hukidai pamoja na fomu yake ya ziada. Grama za Kikatoliki ni chache. Kwa mfano, Altrincham kuna St Ambrose College ya wavulana na Loreto ya wasichana, na eneo la Wirral kuna St Anselm's College na Upton Hall. Mbali na hizo, shule ya kawaida ya Kikatoliki iliyo karibu na nyumbani inaweza kumfaa mtoto kuliko grama ya kupanda mabasi mawili asubuhi.

NJIA TATU ZA KUAMUA

Kanisa linafundisha kwamba wazazi ndio waelimishaji wa kwanza wa watoto wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema hilo mwaka 1965. Sheria ya Kanisa nayo inawataka mume na mke waishi pamoja isipokuwa kuna sababu halali. Basi swali la kwanza si "shule gani?" Swali la kwanza ni "sisi tutaishi wapi?" Tunaona njia tatu za uaminifu.

Ya kwanza, wote kwenda. Baba ataacha shamba na heshima ya kwao, na pengine kuanza kazi ya chini. Mama asilione hilo kuwa jambo dogo. Baba naye asione aibu kumfuata mkewe. Mbona mama zetu waliwafuata waume zao Nairobi na Mombasa?

Ya pili, mama kurudi baada ya muda mliokubaliana, kwa tarehe iliyoandikwa. Watoto wasome hapa. Hatuko maskini wa shule: kuna Kamusinga na Chesamisi, kuna Lugulu na Misikhu, Kibabii na Cardinal Otunga. Watoto waliotoka humo wamefika mbali.

Ya tatu, kubaki mbalimbali kwa muda, mtoto akisoma nyumbani na baba, na mama akija likizo. Njia hii ni ngumu kuliko zote. Isiendelee kwa mazoea tu, mwaka baada ya mwaka, bila ya kuizungumzia.

Zungumzeni mkiwa mmepumzika, si mama akitoka zamu ya usiku na baba akiwa sokoni. Ndugu wa pande zote mbili wasikilizwe, lakini wasiamue. Na mtoto aulizwe pia, kwa upole. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Kwa wale wa mfano wetu, tungewashauri hivi: mama asiguse ile fomu ya uongo. Mwaka huu wa mtihani ukipita, na upite. Baba na mama wakae, hata kama ni kwa simu siku tatu mfululizo, waamue makao yao. Wakiamua kuhamia Kent, binti ataingia shule iliyo karibu na nyumba yao, awe amefaulu grama au la. Wakiamua Kimilili, mama ajue tarehe ya kurudi. Kwa vyovyote vile mtoto atakuwa na baba na mama.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Tulipoachana kwa ajili ya kazi, tulikubaliana kwa muda gani? Muda huo umekwisha?

2. Katika mambo ya watoto, nani kati yetu amekuwa akiamua peke yake? Mwenzake ameumia wapi?

3. Kuna karatasi yoyote ambayo tumeandika, au tumeshauriwa kuandika, isiyosema kweli juu ya ndoa yetu? Tutairekebishaje?

4. Mtoto wetu asipochaguliwa katika shule tunayoitamani, tutamwambia nini siku hiyo?