Mama Julie na Shule za Wasichana Maskini

Karne ya 19 ilipoanza, wasichana wengi maskini wa Ufaransa walijua kazi, lakini hawakujua kusoma. Julie Billiart, mzaliwa wa Cuvilly, aliwahurumia. Kwa miaka 22 hakuweza kutembea. Hata hivyo, kitandani mwake alifundisha watoto katekisimu.

Mwaka 1804, mjini Amiens, alianzisha shirika la Masista wa Notre-Dame. Mwaka uleule akapona. Masista walifundisha dini, kusoma, kuandika na kushona, wala hawakuwatoza maskini malipo.

Julie alitaka masista waende katika majimbo yote yenye maskini, wasifungwe katika moja. Mwaka 1809 Askofu wa Amiens alimwamuru atoke jimboni. Masista wakamfuata Namur, nchini Ubelgiji. Julie akafa mwaka 1816, lakini kazi yake haikufa: mwaka 1894 masista wa Namur walifika Kimwenza, katika Kongo. Mwaka 1969 Kanisa lilimtangaza Mtakatifu.

Swali: Kwa nini Mama Julie aliwafundisha wasichana maskini?

Jibu: Kwa sababu roho ya msichana maskini ina thamani kubwa mbele ya Mungu, na mama aliyefundishwa huwafundisha wanawe.